Upande wa Baba

Jumapili ile, baada ya misa, Magdalena alibadilisha kanga mara tatu, kisha akarudia ile ya kwanza ambayo tangu asubuhi ndiyo iliyokuwa imempendeza.

"Hiyo hiyo," mama yake alisema kutoka jikoni, akipepea moto kwa mfuniko wa sufuria. "Ile nyingine ilikufanya uonekane mgonjwa."

Neno lilikwisha kumtoka. Mama Agnes akaziba mdomo kwa kiganja, halafu akajifanya anaonja njegere kama zimeiva. Magdalena naye akajifanya hakusikia. Tangu arudi kutoka hospitali ya mjini, neno hilo lilikuwa halitamkwi ndani ya nyumba ile, na mpita njia angedhani mama na binti wamenuniana.

Hawakuwa wamenuniana. Walikuwa wanasubiri posa, na binti alikuwa na siri ambayo mama alimsihi asiitoe.

Mposaji alikuwa Gabrieli, bwana shamba wa Mgeta, Mhehe wa Iringa, mrefu, mpole wa maneno, mwenye macho ambayo Magdalena hakuyaweza tangu siku ya kwanza. Mabwana shamba walikuwapo kabla yake. Wote walipanda mlimani wakahubiri matuta, na Waluguru wakawaitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakalima kama walivyolima babu zao. Gabrieli hakuhubiri. Alivua viatu, akaomba jembe, akapiga tuta kutwa nzima katika shamba la kijiji mpaka wazee wakamwonea haya. Magdalena ndiye aliyempelekea maji. Kijana akanywa huku anamtazama juu ya ukingo wa kata, na msichana yule, aliyekwisha kumkataa mwalimu mmoja na mwenye duka mmoja, akaondoka zake bila kuikumbuka kata.

Tusimsifu sana kijana wa watu, maana Magdalena naye hakuwa wa kuokotwa. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima, asubuhi alilima kabichi, na majivuno alikuwa nayo tele wala hakuyaficha. Kule Mgeta mwanamke hupimwa kwa mzigo. Njia zote ni za kupanda au kushuka, tambarare watu huisikia kwa waliotembea, na kabichi hutoka bondeni kichwani mwa mwanamke hadi barabarani linaposubiri lori. Magdalena alijitwisha tenga ambalo wenzake walisaidiana kulinyanyua, akapanda nalo anaimba. Walipoketi kupumzika yeye aliwapita na kuwauliza kama wamepata habari njema hapo walipokaa.

Mpaka siku alipoanguka.

Alikuwa amekwisha kuiona barabara, amekwisha kumwona Stambuli, dereva wa lori la mboga, akifuta kioo. Ghafla moyo ukaanza kumpiga ovyo ovyo, kama ngoma iliyoshikwa na mtoto. Macho yakaingia giza, na kabichi zake zikabingirika kurudi bondeni zilikotoka. Alipozinduka alikuwa ndani ya lori, kichwa kwenye paja la Gabrieli, na Stambuli anaendesha kuelekea Morogoro huku anamwomba Mungu kwa sauti kubwa.

Kijiji hakikuhitaji daktari. Msichana mwenye mchumba ameanguka, basi ana mimba, kuna la ziada? Kabla lori halijafika Mzumbe, habari ilikuwa imekwisha fika kwa Mjomba Dominiko, kaka mkubwa wa Mama Agnes na mkuu wa ukoo wao. Jioni ileile mjomba akatuma neno: bwana shamba kama ana watu, awalete. Ndivyo posa ilivyokuja mbio. Tumboni mwa Magdalena hamkuwa na kitu zaidi ya viazi vya asubuhi.

Kule hospitali alimkuta Daktari Omari, mtu mzima mwenye miwani na subira. Alimsikiliza kifua amelala, akamsikiliza amesimama, akamwambia achuchumae kisha asimame tena, akasikiliza upya. Hapo akavuta kiti.

"Kuna mtu wa damu yako aliyewahi kuanguka hivi?"

"Hakuna."

"Aliyekufa ghafla, angali kijana, bila kuugua?"

"Hakuna, daktari." Magdalena alijibu kwa fahari, maana ukoo wake alikuwa akiujua kama sala ya Baba Yetu Uliye Mbinguni. "Bibi yangu ana meno yake yote. Wajomba zangu ni wazee na mlima wanaupanda. Sisi watu wa kuzeeka."

"Vizuri. Na baba yako naye hajambo?"

"Baba alifariki. Mimi nilikuwa natambaa."

"Aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikuwa anacheza ngoma harusini, akaanguka."

Daktari akavua miwani. "Alikuwa na ndugu?"

"Kaka yake alianguka akipanda na gunia. Na dada yao alikutwa shambani amelala na jembe mkononi, hakuamka."

"Binti, si umeniambia hakuna?"

"Umeniuliza watu wa damu yangu," Magdalena alisema, akimshangaa msomi mzima asiyejua jambo dogo hivi. "Hao ni watu wa kwa baba."

Usimcheke. Uluguru mtoto ni wa mama yake. Ukoo, ambao wenyewe huuita lukolo, hupita kwa wanawake, na mashamba nayo hufuata huko huko. Mjomba ndiye asemaye neno la mwisho. Baba ni mtu mwema aliyekuja kuoa. Akifa, watu wake huja wakamlia, wakaenda zao. Magdalena alifundishwa tangu utoto kutaja mama, na bibi, na mama wa bibi, hadi huko ambako majina yanakuwa kama hadithi. Upande wa pili hakuna aliyewahi kumfundisha kuuhesabu. Daktari angemuuliza mwaka mzima angepata jibu lilelile, wala msichana asingekuwa mwongo.

"Ukoo wenu uhesabuni mpendavyo," Daktari Omari alimwambia taratibu. "Moyo haujui desturi. Misuli ya moyo wako imekuwa minene kupita kiasi, damu inapita kwa shida, hasa ukipanda na mzigo. Ugonjwa huu hurithiwa, mama. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Awe wa kike, awe wa kiume. Utoke kwa mama, utoke kwa baba. Haubagui."

Akampa vidonge. Akamkataza mizigo mizito na mbio za kupanda. Akasema atampeleka Dar es Salaam apigwe picha ya umeme ya moyo wapate uhakika, na kwamba ndugu wa baba yake waliobaki hai waje nao asikilize vifua vyao.

"Wapo wanaouzeekea ugonjwa huu," alisema. "Baba yako hakujua. Wewe umejua. Hapo ndipo mnapoachana."

Magdalena aliuliza swali moja tu. "Naweza kuzaa?"

"Wengi huzaa, daktari akiwa karibu. Lakini atakayekuoa na ajue, na watoto wapimwe."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri. Gabrieli, aliyemngoja nje siku ile akizunguka bustani ya hospitali kama askari wa lindo, aliambiwa ni uchovu.

"Mama," Magdalena alisema sasa, akiegemea mlango wa jiko. "Leo nitasema."

"Utasema nini na wageni wako mlangoni?" Mama Agnes aliteremsha chungu. "Posa kwanza, mwanangu. Mengine utamwambia mumeo polepole, siku amekula akashiba."

"Mficha maradhi..."

"Kilio humfichua, najua, mimi ndiye niliyekufundisha!" Mama alikaa kwenye kigoda, na sauti yake ikapungua. "Kilio kilikwisha pita hapa, Magdalena. Unadhani sikumjua Agustino? Alikuwa anashika kifua akicheka. Anasema, mama, moyo wangu huu una haraka ya kufika nyumbani. Mimi namcheka."

Magdalena hakuwahi kusikia jina la baba yake likitajwa hivyo, kama la mtu aliyetoka kidogo. "Hukuniambia kamwe."

"Lingekufaa nini? Mjomba wako alisema watoto ni wetu, wasisumbuliwe na misiba ya watu."

"Alikuwa mtu wa kucheka?"

"Wa kucheka na wa kucheza. Hodari, mlima mzima hukupata mwenzake. Akiingia uwanjani wanaume wengine wanaenda kunywa maji." Mama Agnes alitabasamu akasahau moshi, kisha akakumbuka alipo, akajipangusa macho na kusema ni kuni hizi mbichi.

Magdalena alibaki mlangoni. Tangu atoke hospitali alikuwa amejisikia kama mtu aliyepewa kasoro na mgeni asiyemjua. Sasa alijua amepewa na nani. Jambo la ajabu, mabega yake yalisimama.

Nje Stambuli alikuwa anapiga hodi.

Wageni walikuwa watatu. Stambuli ndiye mshenga, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumapili, maana alisema shughuli ni shughuli. Gabrieli alikuwa na shati jeupe. Kati yao alitembea Shangazi Kristina, dada wa marehemu baba yake Gabrieli, mama mrefu wa kilemba cheusi, aliyesafiri kutoka Iringa kuja kuona mlima huu umemlisha nini mtoto wa kaka yake.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, kisha akakumbuka ugenini. "Hamjambo humu ndani?"

Magdalena aliona yote haya kupitia upenyo wa pazia, kwa kuwa mwali hakai barazani posa inapozungumzwa. Gabrieli alipita karibu na pazia lile. Hakuweza kumwona, lakini alilitazama, na uso wake ukalainika kidogo tu, kisha akaenda kukaa. Magdalena alishika ukuta. Hakujua kama ni ugonjwa au ni yeye Gabrieli, maana vyote viwili vilikuwa vinampiga mahali pamoja.

Barazani Mjomba Dominiko na watu wa ukoo, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamekwisha keti. Togwa ikanywewa. Stambuli akakohoa.

"Wazee wangu, mimi ni dereva. Wenzangu hapa wangeanza na ua, sijui kuku aliyepotea. Mimi kona za barabara ya kuja huku zimenitosha. Tumekuja kuomba mke."

Watu wakacheka, hata Mjomba Dominiko aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi. Shangazi Kristina hakucheka.

"Mimi nauliza kabla ya kuomba," alisema. "Kwa heshima yenu wote. Kwetu tunauliza. Kwa watu wa binti kuna ukoma?"

"Hakuna," alijibu Mjomba Dominiko.

"Kifafa? Wazimu?"

"Hakuna, mama."

"Nimesikia alianguka njiani. Barabarani wanasema mimba. Mimi nimezaa, na leo kanisani nilikaa nyuma yake misa nzima. Hana mimba. Kwa hiyo aliangushwa na nini?"

Mjomba Dominiko akasimama. Alikuwa mzee mfupi, lakini akisimama kwa ajili ya ukoo wake alirefuka.

"Mama mgeni, sisi tuko mlima huu tangu mlima haujapewa jina. Mama yangu mzazi yu hai, kesho ukitaka nitakupeleka ukaone analima. Kwetu mtu hufa akiwa ametosheka na dunia. Mtoto alibeba kuliko nguvu zake, basi. Naapa mbele ya hawa wote. Ukoo wa binti huyu ni safi."

"Na baba yake alikufaje?"

"Baba yake?" Mjomba alimtazama kama aliyeulizwa habari za jirani. "Huyo hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye ukoo. Alikuja kuoa."

"Alimzaa au hakumzaa?"

"Alimzaa, mama, na sisi tukashukuru."

Stambuli alipaliwa na togwa. Shangazi Kristina aligeuka akamtazama Gabrieli, na macho yake yalisema wazi: hawa ndio watu ulionivukisha milima kuja kuwaona? Mjomba naye akawa amechukia. Aliona ameapa kwa ukoo mzima na mgeni anamuuliza habari za mtu baki. Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo lililomfanya awe mkali.

"Aitwe binti tumalize," alisema.

Nyuma ya pazia, neno "hayumo" lilikuwa bado linamchoma Magdalena. Angeweza kuvumilia. Wasichana wangapi wameingia barazani wakainamisha kichwa, wakasema neno moja, wakapigiwa vigelegele? Gabrieli alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kunyamaza kidogo, na angekuwa wake. Alimtazama mama yake, na Mama Agnes akatikisa kichwa kumkataza, huku machozi yamemjaa.

Magdalena akaingia. Akapiga goti mbele ya mgeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Magdalena," Mjomba alisema kwa sauti ya shughuli, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, mjomba. Wao ndio hawanifahamu."

Wanawake waliokwisha kuvuta pumzi ya kigelegele wakabaki nayo kifuani. Magdalena alisimama. Desturi ilikuwa inamtaka aangalie chini, lakini aliangalia mbele.

"Mjomba wangu hajawadanganya. Amejibu anachokijua, na angekufa kabla hajasema uongo. Ila baba yangu yumo. Jina lake Agustino. Alianguka akicheza ngoma, angali kijana. Kaka yake alianguka na gunia, dada yao alianguka shambani. Daktari amesikiliza moyo wangu, nao una ugonjwa wao. Nimerithi kwa baba. Nina dawa, nina masharti, na akijalia Mungu nitazeeka. Lakini sitabeba tenga tena kupanda mlima huu. Na kila mtoto nitakayemzaa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu." Aliinua kidevu. "Sasa mnanifahamu. Anayetaka kwenda aende, hatutamsema."

"Umeniaibisha!" Mjomba Dominiko alipiga mkongojo chini. "Nimeapa! Mbele ya wageni nimeapa!"

"Uliapia nusu yangu, mjomba. Nusu hiyo ni safi, na mimi najivunia. Lakini siwezi kuolewa nusu."

Shangazi Kristina alikuwa amekwisha simama. Hakuwa na hasira tena. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo.

"Binti, Mungu akubariki kwa kusema. Lakini Gabrieli ndiye mtoto pekee aliyeachwa na kaka yangu. Nilimzika kaka, nikamlea huyu mgongoni. Sina nguvu za kuzika wajukuu. Gabrieli, simama twende."

Gabrieli hakusimama. Alikuwa anamtazama Magdalena, na usoni alikuwa na maumivu ya mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyodhani ni yake.

"Nilikushika kichwa njia nzima mpaka mjini," alisema. "Nilikungoja pale nje. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hakuna neno."

"Ningesema, ndiyo."

"Tukiwa wawili kila kitu kwako hakuna neno, Gabrieli. Nilitaka usikie watu wako wakisikia. Ukinikataa unikatae mchana. Na ukinikubali..." Sauti ilimsaliti hapo, akaikaza. "Usije siku moja ukasema ulinionea huruma. Unanihurumia?"

"Naogopa," Gabrieli alisema. "Siwezi kukuficha. Naogopa mpaka mikono imekufa ganzi. Lakini huruma? Nikuhurumie wewe, unayemjibu mjomba wako hivi mbele za watu? Ningeanza kumhurumia mzee wa watu kwanza."

Stambuli alicheka peke yake, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

Gabrieli akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, baba aliangukiwa na mti. Kuna aliyejua asubuhi ile?"

"Nani angejua?"

"Hakuna. Huyu anajua. Anajua kinachomwinda na njia kinayopita, na daktari anamjua kwa jina. Nitajie msichana mmoja Iringa nzima aliyewahi kusimama mbele ya wakwe akasema moyo wake ulivyo. Mtaje, niende nikamwoe yeye."

Shangazi alikifunga upya kilemba chake.

"Na mizigo?" alisema baadaye, kwa udhaifu. "Nani atamchotea maji? Nani atapandisha hizo kabichi?"

"Mimi."

"Mhehe na tenga kichwani!"

"Kichwani, shangazi, na ngata chini yake. Watacheka wiki mbili, kisha watachoka."

"Wiki tatu," alisema Stambuli. "Mimi nitacheka tatu."

Magdalena alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Aliyaona macho ya Gabrieli, yaleyale ya siku ya kata, nayo hayakuwa yanamwomba chochote. Yalikuwa yamejaa fahari, na fahari hiyo ilikuwa juu yake. Alipenda akimbie, na mbio alikwisha katazwa.

Shangazi Kristina alimsogelea. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Umesema baba yako nani?"

"Agustino."

"Na wazee wako hawa hawamhesabu."

"Mimi namhesabu."

"Kwetu," mama yule alisema, "mtu asiyemtaja baba yake ndiye tusiyemwoa. Nilipomsikia mjomba wako nikasema hapa si mahali. Sasa wewe umenivuruga." Akarudi mahali pake, akaketi kwa kishindo. "Sijakubali, mnisikie vizuri. Naogopa kuliko huyu kijana. Nitataka kumwona huyo daktari kwa macho yangu, nimuulize mwenyewe. Lakini sitaondoka."

Wote wakamgeukia Mjomba Dominiko, maana neno la kutoa au kunyima lilikuwa lake, kama lilivyokuwa la wajomba waliomtangulia. Mzee alikuwa anageuza mkongojo wake mkononi. Aibu ilikuwa bado inamwasha shingoni. Lakini mzee mwenye majivuno ana uzuri wake: hapendi kuonekana ameapa kwa jambo asilolijua.

"Agnes," alimwita dada yake. "Upande wa yule... upande wa Agustino. Nani yuko hai?"

Mama Agnes alitokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Kasiani, mdogo wake. Yuko ng'ambo ya mto na watoto wake."

"Aitwe."

"Kasiani aje hapa? Kwenye posa?"

"Aje akae kiti pamoja na mimi. Siwezi kumtoa mtoto nikiwa nimemjua nusu. Na wakati anakuja, aambiwe kuna daktari mjini anayesikiliza vifua. Stambuli atampeleka yeye na wanawe wote. Nisije nikasikia tena mtu ameanguka nikasema hayumo." Akawageukia wageni, na urefu wake ukamrudia. "Kwa upande wa mama, mimi Dominiko nimekubali. Upande wa baba utajisemea wenyewe. Hatujawahi kuwauliza, na sasa tutawauliza."

Minong'ono ikapita barazani. Jambo hilo halikuwahi kusikika mlimani, mjomba kugawana neno lake na watu wa upande wa baba.

"Na mwenye moyo wake?" aliuliza Shangazi Kristina. "Mnajadiliana nyie kwa nyie. Binti, mimi nakuuliza mwenyewe. Mtoto wangu unamtaka?"

Magdalena alimgeukia Gabrieli. Moyo ulikuwa unampiga kwa nguvu, moyo ule ule wenye haraka, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke hakuuogopa. Ulikuwa wake, na alijua ulikotoka.

"Namtaka," alisema, sauti yake ikafika hadi jikoni. "Mimi Magdalena, binti Agustino, nimekubali."

Wanawake waliangaliana, hawajui kama ni wakati wake au bado. Mama Agnes ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, mwiko bado mkononi, na kabla hajakimaliza alikuwa anamlilia mumewe.